Mvuvi Aliyebadilishwa Uso: Kisa cha Sanamu Moja ya Malindi

Sanamu yenyewe ni ya mvuvi aliyesimama, mrefu kumzidi mtu wa kawaida kwa kichwa kizima, wavu begani, miguu mitupu juu ya kitako cha mawe ya matumbawe. Iko Malindi, karibu na diko, mahali ambapo mashua hupandishwa kusuguliwa na kutiwa kalafati. Ilijengwa na fundi kijana mwenye mkono mzuri, kwa fedha za kikundi cha wavuvi na michango ya wenye hoteli wachache. Kabla haijatimiza miaka miwili ilikuwa imepasuka mkono na shingo, na maji ya kutu yameteremka hadi kifuani. Niliitwa kuitazama kwa sababu kazi yangu ni hiyo: nafinyanga, nachonga, na siku hizi nakarabati vya wenzangu kuliko ninavyounda vyangu.

Kila niliyemuuliza alikuwa na mchawi wake. Wengine walimlaumu fundi, kwamba amekula simiti. Wengine waliilaumu bahari. Mzee mmoja alisema ni radhi, kwani marehemu aliyefananishwa hakutakwa idhini. Nilipomaliza kuibandua niliona jambo jingine: nyufa zilifuata mabishano. Kila mahali ambapo watu walibishana na fundi akaitwa kubadilisha kitu, hapo ndipo saruji ilipoachia. Pasipobishaniwa, kama magoti na mgongo, palikuwa pazima.

Nilichokikuta

Sanamu ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya mageti, ili ionekane kama shaba. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu, ufa mmoja ulianzia kwapani ukafuata mkono wa kulia hadi kiwikoni, mpana kiasi cha kuingiza ukucha. Shingoni rangi ilikuwa imetoka malengelenge, na ukiyatoboa yanatoa maji ya rangi ya chai ya mkandaa.

Niligonga mwili mzima kwa nyundo ndogo, polepole, nikitia alama kwa chaki. Kifua na mgongo vilitoa sauti kavu ya jiwe. Kichwa kililia kama dafu lililokwisha kunywewa. Nikachukua tindo nikafungua chini ya sikio, na hapo ndipo mambo yalipojieleza. Kulikuwa na ngozi tatu. Ya ndani kabisa ilikuwa ya kijivu, nzito, imeng'ang'ania waya barabara. Ya pili ilikuwa nyeupe zaidi, unene wa kidole cha mwisho. Ya tatu ilielekea manjano, na ndani yake mlikuwa na vipande vya kombe. Baina ya ngozi na ngozi palikuwa na vumbi, na sehemu moja hata rangi ya zamani haikukwanguliwa kabla ya lipu mpya kupigwa juu yake. Saruji mpya juu ya rangi haishiki. Inakaa tu, ikingoja mvua.

Kombe ndani ya lipu ni ushahidi mbaya. Mchanga wa mto hauna kombe. Mchanga wa ufuoni unazo, na kila chembe yake imebeba chumvi.

Basi kabla ya kupima chochote ilinibidi nifuatilie historia ya kichwa hicho.

Nyuso tatu

Uso wa kwanza ulikuwa wa nahodha mmoja aliyefariki, mtu aliyeheshimiwa diko zima. Fundi alipewa picha mbili, moja ya kitambulisho na nyingine ya harusi. Sasa picha ya kitambulisho ni sura ya mtu aliyeamrishwa asicheke, na picha ya harusi ni sura ya mtu aliyechoka kucheka. Kati ya hizo mbili fundi alitakiwa amtoe mtu mzima aliyekuwa akipaza sauti toka mashuani. Alijitahidi. Binti wa marehemu alipoiona, sanamu ikiwa bado kwenye jukwaa la miti, akasema, "Huyu si baba. Baba hakuwa na pua hii." Mjane akasema pua ni yake, mdomo ndio si wake. Wajukuu walicheka. Mambo ya familia yalitosha hapo, lakini viongozi wa kikundi wakamwambia fundi arekebishe pua na mdomo vyote viwili, na simiti ilikuwa imekwisha kukauka.

Ubishi wa aina hii si wa Malindi peke yake. Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere ilipozinduliwa kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Watanzania wengi waliitazama picha wakauliza kama ndiye. Mwaka 2017, kwenye uwanja wa ndege wa Madeira, kichwa cha shaba cha Cristiano Ronaldo kilichekwa dunia nzima, na mwaka uliofuata kikabadilishwa. Sababu ni ile ile. Tunayempenda tunamkumbuka akiwa katika mwendo: anavyorudisha kofia nyuma, anavyoinama, anavyoita. Sanamu ina nukta moja tu ya wakati, haina ya pili. Kwa hiyo kufanana huwa kwenye msimamo kabla ya kuwa kwenye pua. Na kwa haki, msimamo fundi aliupata: mguu wa kushoto mbele kidogo, uzito wote nyonga ya kulia, kama mtu aliyezoea sakafu inayocheza. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Walikuwa wanapima pua.

Kikundi kikaona heri kuachana na familia. Amri mpya ikatoka: afanywe mvuvi yeyote, kijana kidogo, asiwe mtu fulani. Fundi akapiga lipu ya pili juu ya ile ya kwanza akachonga sura mpya. Haikupita muda mitaani wakasema ni mwanasiasa mmoja wa hapa. Kilichozidisha ni mkono. Hapo mwanzo mkono wa kulia ulinyooshwa kuelekea baharini, kiganja wazi. Ukiweka uso ule na mkono ule pamoja, kweli, jamaa alikuwa anaomba kura. Basi mkono ukakatwa kwa grainda begani, nondo zikachomelewa upya, ukakunjwa ushike wavu. Nondo zilipokunjwa zilikuja juu mno. Fundi mwenyewe aliniambia aliliona hilo, akaomba mkono wote ubomolewe uanzwe upya, akaambiwa fedha hakuna.

Kisha akaja ustadh wa madrasa ya jirani. Aliongea kwa upole, na wote waliokuwepo walikiri hivyo. Hoja yake haikuwa ngeni: wanazuoni wengi wa Kishafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani hii, wanaiharamisha sanamu kamili ya kiumbe chenye roho, yenye kivuli chake. Yako mambo wanayoyatofautisha. Vipo vinyago vya watoto, kwa hadithi ya Bi Aisha na wanasesere wake. Ipo pia sanamu iliyopunguzwa kiungo ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho. Wavuvi, wengi wao Waislamu, wakamwuliza afanyweje huyu ili pawe na nafuu. Ustadh akajibu kwamba yeye hakuja kufundisha namna ya kuiboresha haramu, alikuja kunasihi. Akaaga akaenda zake. Mmoja wa viongozi ndiye aliyebuni kwamba uso ukifutwa jambo litakuwa limekwisha. Fundi akaitwa mara ya tatu. Macho yakazibwa, mdomo ukalainishwa, pua ikabaki tuta.

Uso huo wa tatu ndio mbaya kuliko yote, na nasema hivyo nikiwa sina ugomvi na aliyeuagiza. Haukumridhisha ustadh, maana kwake sanamu ilibaki sanamu. Familia ilikuwa imekwisha kujitoa. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye kitako walianza kuuogopa. Na kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu, mchanga wa lipu hiyo ulitoka ufuoni, wilbaro moja au mbili, na ndio huo wenye kombe.

Waliosimama hapa kabla yake

Wapo waliosema kwamba pwani haina mila ya kusimamisha kitu, kwamba hii ni tabia ya kuiga Nairobi. Mtu wa Malindi akisema hivyo namshangaa, maana mji wake una magofu na minara ya kumbukumbu kuliko miji mingi ya Kenya. Kando ya msikiti wa Ijumaa wa kale yapo makaburi ya nguzo ya karne ya 15. Kwenye rasi iko Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Msalaba wa juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Na tarehe 20 Oktoba 2010, Siku ya Mashujaa ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza, sanamu ya Mekatilili wa Menza ilizinduliwa kwenye bustani iliyokuja kupewa jina lake. Mama huyu aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasitoe vibarua wala kodi kwa Waingereza, akakamatwa, akapelekwa mbali bara, akatoroka na kurudi kwao. Sidhani kuna mtu aliyesimama mbele ya sanamu hiyo akauliza kama pua ndiyo yenyewe. Hakuna aliye hai anayeikumbuka, na pengine hiyo ndiyo bahati ya kila mchongaji wa shujaa wa zamani.

Halafu kuna vigango. Tunapozungumza habari ya sanamu za umma huku pwani vigango tunavisahau, ilhali ndivyo sanamu za watu tulizokuwa nazo kabla ya simiti. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa cha mviringo, kifua kimechanjwa pembetatu na kutiwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, na huwekewa marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa heshima wa Kimijikenda. Mtu wa kawaida huwekewa koma, kijiti kisicho na mapambo. Tangu miaka ya 1970 vigango viliibwa kwa mamia vikauzwa Marekani kama mapambo ya ukutani na vitu vya makumbusho. Jumba la makumbusho la Denver liliamua kurudisha 30, na mwaka 2023 lile la jimbo la Illinois likarudisha 37.

Ninavitaja kwa sababu katika kikao cha kwanza nilichohudhuria alikuwepo mzee wa Kigiriama, babake mmoja wa wavuvi. Alisikiliza yote, pua, mkono, chumvi, mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo marehemu aliwajia ndotoni akataka kusimamishiwa?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kwao kigango hakianzi kwa kamati. Kinaanza marehemu anapomsumbua wa kwake, akamtokea usingizini, au nyumba ikapata mikosi, mganga akasema fulani anadai. Akaongeza kwamba kigango hakikarabatiwi. Kikiliwa na mchwa kimemaliza kazi yake, na watu wakihama hakihamishwi.

Swali lake lilinikaa, kwa kuwa ndilo swali la kweli la ukarabati: kitu hiki kilikusudiwa kukaa muda gani, na nani amekitaka? Kikundi hakikuwa na jibu la sehemu ya kwanza. Kwa sehemu ya pili walisema, sisi wavuvi. Nikawaambia basi, kama ni ninyi, iwe ni ninyi hadi mwisho, pamoja na kuiosha.

Chumvi

Sasa niingie kwenye chuma, maana hapo ndipo wachongaji wengi wa simiti wa pwani tunapoangukia.

Saruji nzuri hukilinda chuma kwa ukali wake wa alkali. Kipimo chake cha pH huwa juu ya 12, na katika hali hiyo chuma hujifunika utando mwembamba usioruhusu kutu. Vitu viwili huuvunja ulinzi huo. Kimoja ni hewa: kaboni dioksaidi hupenya polepole na kuupunguza ukali. Cha pili ni kloridi ya chumvi, na hii hutoboa utando hata saruji ikiwa bado kali. Chuma kikishaanza kushika kutu kinavimba, kwani kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilichoizaa. Saruji haiwezi kunyumbuka. Inapasuka, maji zaidi yanaingia, kutu inaongezeka.

Kinga ni unene wa saruji juu ya nondo. Karibu na bahari wajenzi hutaka milimita 40 hadi 50. Kifuani mwa mvuvi wetu nilikuta kiasi hicho. Kwenye mkono uliokunjwa upya, milimita 8.

Kwa kupima zaidi nilimwendea mwalimu wa kemia wa sekondari moja, kwa sababu dawa mbili nilizozihitaji wanafunzi huzitumia maabara. Ya kwanza ni fenolifthalini. Ukiinyunyiza kwenye saruji iliyovunjwa sasa hivi, yenye ukali wake inageuka zambarau. Iliyokwisha kupoa haibadiliki. Kifua kiligeuka zambarau hadi karibu na uso. Lipu mbili za juu za kichwa hazikubadilika hata chembe. Ya pili ni nitrati ya fedha. Mwalimu alisaga vipande vya kila ngozi peke yake, akavikoroga kwenye maji safi ya maabara, akachuja, akatia asidi ya nitriki kidogo kisha matone ya dawa. Ngozi ya ndani ilitoa ukungu hafifu. Ile ya manjano ilifanya maziwa papo hapo. Wanafunzi walikuwa wamejaa dirishani, na mwalimu akawaambia ndio hiyo waliyoisoma kidato cha pili.

Ngozi ya ndani ilikuwa safi kwa sababu mchanga wake ulitoka mto Sabaki, upande wa juu, mbali na mlango wake ambako maji ya bahari huingia. Lori la kwanza lilinunuliwa vizuri, na vizuri pia lilifuliwa. Fedha ziliisha katikati ya pua na mkono, si katika ujenzi.

Watu waliuliza kwa nini haikufanywa ya shaba toka mwanzo, na swali ni la haki. Shaba, yaani ile ya asilimia 90 hivi ya shaba nyekundu na iliyobaki bati, inastahimili bahari. Askari wa shaba wa Mombasa, kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, wako pale tangu miaka ya 1920. Sanamu ya Dedan Kimathi, kazi ya mchongaji Kevin Oduor, iliyosimamishwa Nairobi mwaka 2007, ni ya shaba pia. Lakini kumimina shaba kunataka tanuru, kalibu za nta na fedha ambazo kikundi cha wavuvi hakina, na shaba ina adui wake: mnunuzi wa vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kuhujumiwa kwa mitambo ya umeme. Anayeweza kuangusha mlingoti wa umeme usiku hatamwogopa mvuvi.

Mwingine alitaja mti. Malindi ina wachongaji hodari, Wakamba kwa wingi, na muhugu ulipoadimika walihamia mwarobaini. Kwa kinyago cha mezani mwarobaini hauna neno. Nje, jua la kaskazi na mvua za masika, gogo la ukubwa wa mtu litapasuka kufuata nyuzi zake, na tutarudi kwa yule mzee wa Kigiriama na hoja yake. Si hoja mbaya. Ila kikundi kilitaka mtu wa kudumu.

Nani alipe

Kikundi kilikuwa kimemzuilia fundi malipo ya mwisho. Niliombwa niseme nani mwenye makosa, na nilisema hivi. Gharama ya kubadilisha uso na mkono ni ya walioamuru, kwa sababu kazi ya kwanza ilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Ushahidi uko kifuani. Mchanga wa ufuoni ni wa fundi. Hata ukiambiwa fedha hakuna, mchanga ule unaukataa, unaweka mwiko chini na kwenda nyumbani. Na ile rangi ya mageti ni ya wote wawili: waliitaka, naye akaipaka bila kuwaambia kwamba rangi ya mafuta inafungia maji ndani. Mwenyekiti hakufurahi. Alisema mteja ana haki ya kubadilisha mawazo. Nikamwambia anayo, mradi abadilishe kabla ya nondo. Wakamlipa, wakakata thamani ya lipu ya tatu, naye akakubali kurudi kazini. Bila yeye nisingeishika kazi ile. Msimamo ule ni wake.

Tuliondoa kichwa chote hadi kwenye mtulinga na mkono wote hadi begani. Kiwiliwili kilibaki. Rangi tuliiondoa kwa brashi ya waya na subira. Kisha tukaiosha sanamu kwa maji ya bomba mara nyingi, kila mara tukiiacha ikauke, ili chumvi ya juu itoke. Mkono mpya ulipata fito za chuma kisichoshika kutu kutoka kwa fundi wa boti za uvuvi wa kitalii, tukazipandikiza begani kwa gundi ya epoksi, mbali na nondo za zamani zisigusane. Kichwa hakikupewa nondo hata moja zaidi ya ufito mmoja wa shingoni. Kichwa hakibebi mzigo. Waya ndani yake ni mazoea tu. Mchanganyiko ulikuwa kipimo kimoja cha simiti kwa viwili vya mchanga wa Sabaki uliofuliwa, maji machache hadi mafundi wa nyumba waliokuwa wakitazama wakacheka kwamba tunajenga kwa vumbi. Magunia yaliyoloweshwa yalikaa juu yake wiki nzima, na nailoni juu ya magunia. Wavu ni wavu wa kweli uliochovywa kwenye uji wa saruji, wazo la fundi tangu mwanzo, na ndio sehemu ya sanamu ninayoipenda kuliko zote. Mwishoni hatukupaka rangi. Rangi ya saruji, baada ya miezi, inakuwa ile ile ya mawe ya kitako.

Kichwa cha udongo

Kabla ya hayo yote, kichwa kilifinyangwa kwa udongo. Hili ndilo ninalotaka mafundi wenzangu walione, kwa kuwa ni rahisi na huwa halifanyiki. Fundi alikifinyanga kwa kipimo kamili, tukakiweka juu ya meza bandani mwa wavuvi, na usiku tukakifunika kitambaa chenye maji. Sharti lilikuwa moja: mwenye neno alete neno lake hapo, mbele ya fundi, udongo ukiwa mbichi. Ukishakauka na kalibu ikachukuliwa, mlango umefungwa.

Walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Waliokuwa na kelele zaidi mitaani walisimama mbele ya udongo wakaishiwa maneno; ni vigumu kusema "pua si hii" wakati unapewa nafasi ya kuishika. Vijana walitaka avae fulana ya timu, wakazomewa na wenzao. Mzee mmoja mshona nyavu alitaka macho yatazame chini kwenye wavu, kwa sababu, alisema, mvuvi anayetazama upeo wa bahari ni wa kwenye kalenda. Wa kweli anatafuta matundu. Hilo lilikubaliwa mara moja, na lilibadilisha kila kitu. Kichwa kikainama. Kofia ya ukindu ikawekwa, ukingo wake mpana, na uso ukaingia kivulini.

Mjane wa nahodha alikuja alasiri moja na mjukuu wake. Hakuna aliyemwita, na uso huo haukuwa umekusudiwa kuwa wa mumewe. "Shikamoo, bi mkubwa," fundi akasema, akasogea pembeni. Mama akautazama kwa muda, kisha kwa vidole viwili akausukuma mdomo wa chini ndani, kidogo tu, upande wa kushoto. Akajifuta vidole kwa leso akaondoka. Fundi hakuugusa tena mdomo ule. Umo ndani ya saruji hivi sasa, chini ya kivuli cha kofia, na jina kwenye bamba ni la wavuvi wa diko, si la mtu.

Ustadh alialikwa kwenye uzinduzi, akashukuru, hakuja. Anapita pale kila siku kwenda madrasa na anawaamkia wavuvi kama alivyokuwa akiwaamkia. Msimamo wake haujabadilika na hakuna aliyejaribu kumbadilisha. Katika mkataba mpya wa kikundi kuna kifungu kwamba hakuna shada wala ubani utakaowekwa kwenye kitako, na hicho kilitoka kwa wavuvi wenyewe baada ya kuzungumza naye. Kuna kingine kwamba mabadiliko yoyote baada ya nondo kuingia yanalipwa mapema, kwa bei ya fundi.

Kinachonisumbua bado ni kuiosha. Waliahidi kuimwagia maji yasiyo na chumvi kila mwezi msimu wa kusi, upepo unapoleta unyevu wa chumvi moja kwa moja kutoka baharini. Nilipopita juzi shingoni mlikuwa na utando mweupe, na waliokuwepo diko kila mmoja alimtaja mwenziwe kuwa ndiye mwenye zamu. Kwenye shavu la mguu wa kushoto zipo nyufa mbili nyembamba kama unywele, upande ambao hatukuufungua. Nimeziwekea alama za penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Zikivuka alama baada ya masika, tutafungua na mguu.